Acheni kuusingizia mtandao

Simama kwenye dirisha lolote la huduma Musoma, Bunda au Butiama, mkoani Mara, siku kompyuta ikigoma, utasikia jibu lile lile: "Mtandao unasumbua, njoo kesho." Anayesema anaamini hivyo, anayeambiwa naye anaamini, na wote wanaachana wakidhani chanzo kimeshajulikana. Imani hii ni potofu na inatugharimu. Hitilafu zote za programu tumezipa jina moja, kwa hiyo hakuna anayeweza kuzitofautisha, sembuse kuzirekebisha.

Sisemi mtandao haukatiki. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Lakini tazama kilichofuata: nyaya zilitajwa kwa majina, mahali palipoharibika pakatafutwa, meli ya matengenezo ikatumwa, huduma ikarejea. Tatizo lilijulikana ni lipi na liko wapi, ndiyo maana likapata fundi. Hitilafu zetu za kila siku hazipati heshima hiyo.

Chukua ODK, programu ya kujaza fomu kwenye simu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, mwaka 2008, na ambayo mpango wa afya wa AMPATH wa Eldoret, Kenya, ulikuwa miongoni mwa walioitumia mapema. Imeundwa mahsusi kwa ajili ya mahali pasipo mtandao: unajaza fomu, simu inaihifadhi, unaituma baadaye ukifika penye mawimbi. Tuseme mhudumu wa afya ngazi ya jamii yuko Nyamuswa, wilayani Bunda. Anafungua fomu, anachagua kata, kisha orodha ya vijiji inatokea tupu. Hatua hiyo haikuhitaji mtandao hata chembe. Lakini akirudi ofisini na fomu nusu, ataambiwa ni mtandao.

Kosa liko wapi basi? Fomu iliandikwa kwenye jedwali la Excel, ikageuzwa na programu ndogo iitwayo pyxform. Ndani ya simu inasomwa na maktaba ya JavaRosa, na inaoneshwa na programu ya Collect. Ikitumwa, inapokelewa na seva ya Central, na mkubwa wa ofisi anaiona kwenye ukurasa wa wavuti wa Central hiyo hiyo. Hizo ni sehemu tano, na kila moja ina hazina yake ya msimbo kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo. Orodha tupu ya Nyamuswa inaweza kuwa imesababishwa na pyxform, JavaRosa au Collect, au na mtu aliyekosea herufi moja kwenye jedwali.

Kila hazina ina orodha yake ya hitilafu na inaanza kuhesabu kutoka moja, kwa hiyo "hitilafu namba 212" haina maana mpaka useme ni ya hazina ipi. Ukiripoti pasipohusika utaambiwa, kwa adabu, kwamba hapa sipo. GitHub inaruhusu kuhamisha taarifa kutoka hazina moja hadi nyingine, lakini ziwe za mmiliki mmoja, na anayehamisha awe na ruhusa ya kuandika kote kuwili. Mhudumu wetu hana ruhusa hiyo wala hajui kama hazina hizo zipo. Atapigwa danadana mara moja, kisha naye atajifunza kusema ni mtandao.

Dawa yake inajulikana. Tunahitaji programu ya wavuti ya kufuatilia hitilafu katika hazina nyingi kwa pamoja, na inaweza kujengwa hapa hapa Mara. Mfano upo: Launchpad ya Canonical, kampuni iliyo nyuma ya Ubuntu, inaruhusu hitilafu moja ihusishwe na miradi kadhaa, na kila mradi uwe na hali yake: huku imerekebishwa, kule bado inachunguzwa. Mtumiaji anaona tatizo lake likiwa moja, na mafundi wanaona kila mmoja kipande chake.

Mlango wa kuingilia uwe kwa Kiswahili. Mhudumu aandike alikuwa wapi, simu aina gani, toleo gani la programu, alibonyeza nini, kikatokea nini. Msimamizi mmoja mwenye ujuzi aunganishe taarifa hiyo na hitilafu husika katika hazina moja, mbili au tatu, na programu iendelee kuzichungulia yenyewe. Gharama si kisingizio. GitHub inaruhusu maombi 60 kwa saa kwa asiyejitambulisha na 5,000 kwa aliyejitambulisha, bila malipo. Ukifuatilia hazina 20 kila baada ya dakika kumi, unatumia maombi 120 kwa saa. Mjenzi akumbuke tu kwamba GitHub huchanganya hitilafu na mapendekezo ya mabadiliko ya msimbo katika orodha moja, hivyo ayachuje.

Jambo ambalo mafundi wengi hulisahau ni kwamba hitilafu iliyofungwa kwenye hazina haijafungwa Nyamuswa. Msimbo umerekebishwa, sawa, lakini toleo jipya halijatoka. Likitoka, simu ya mhudumu haijalipakua. Likipakuliwa, fomu ya zamani bado imo ndani. Programu yetu isikubali neno "imekwisha" mpaka aliyeripoti afungue fomu na kuiona orodha ya vijiji. Mamlaka ya kufunga awe nayo yeye.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wapenda kompyuta. Mkoani Mara si hivyo. Tangu 2015 wanaojitolea wa Crowd2Map wamekuwa wakiviweka vijiji vya Tanzania, vya Mara vikiwemo, kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, na ramani hizo zimesaidia kuwafikia wasichana wanaokimbia kukeketwa. Shirika la Hope for Girls and Women lina nyumba salama Mugumu na Butiama. Ramani hiyo nayo inategemea programu nyingi zenye hazina tofauti: iD ya kuchorea kwenye kompyuta, StreetComplete ya kwenye simu, Organic Maps ya kutafutia njia. Kijiji kisipotokea kwenye simu ya anayekwenda kumchukua binti usiku, nani atathubutu kumwambia aje kesho?

Kwa kuwa taarifa nyingine zinawahusu mabinti hao na wagonjwa, programu yetu iwe na vyumba viwili. Jina la binti, namba ya simu ya mgonjwa na picha ya skrini yenye taarifa zao vibaki chumba cha ndani, chenye ufunguo. Kwenye hazina za wazi, ambazo dunia nzima inasoma, iende habari ya kiufundi peke yake.

Mifumo mingi ya Serikali msimbo wake hauko wazi, kwa hiyo huko hatutaweza kuchungulia hazina. Bado tunaweza kuandika. Hitilafu ile ile ikiripotiwa Musoma, Bunda na Butiama ndani ya wiki moja, kwa tarehe na saa, siku ambayo mtandao ulikuwa mzima, huo ni ushahidi wa kuweka mezani Dodoma. Tusipokuwa na maandishi, tutabaki na malalamiko tu, na malalamiko hujibiwa kwa neno moja tunalolijua sote.

Butiama kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere. Kazi hii inawafaa vijana wa chuo hicho na wenzao wa Musoma na Bunda wanaojifunzia programu kwenye kompyuta za kuazima: ni ndogo kiasi cha kukamilika, na ina watumiaji wanaoisubiri. Na halmashauri zetu, zinapoletewa mfumo mpya na wizara au mfadhili, ziulize kabla ya kukata utepe: hitilafu zake tutaziandika wapi, na nani anawajibika kutujibu ndani ya siku ngapi? Mfumo usio na jibu la swali hilo usipokelewe.