Breki Hazikatai, Hunyimwa

Majuma matatu yaliyopita mpwa wangu alinijia ofisini akiwa na fomu ya mkopo mkononi. Yeye ni fundi wa maabara katika chuo kikuu nifundishamo, na sote wawili ni wanachama wa chama kimoja cha akiba na mikopo. Alihitaji wadhamini watatu. Wawili walikwisha kutia sahihi zao, nami ndimi niliyebakia. Mkopo wenyewe ulikuwa wa shilingi 300,000. Nilipomwuliza ni wa shughuli gani, alitabasamu akasema, "Ni wa gari, Mjomba." Nikadhani anataka kununua gari. Kumbe gari analo tayari, Subaru Impreza yenye turbo iliyokwisha kupita katika mikono ya wenyewe watatu, na fedha hizo alizitaka ili aliongezee nguvu.

Mtu anapoombwa kudhamini ana haki ya kuuliza. Nikamtaka aniandikie matumizi yake kimoja baada ya kingine, naye akaniandikia palepale, kwa kuwa alikuwa ameyahifadhi moyoni kama shairi. Kubadilisha programu ya kompyuta ya injini, 65,000. Ekzosi pana ya chuma kisichoshika kutu, 85,000. Kipoza hewa kikubwa cha turbo, 75,000. Pampu ya petroli na vinyunyizio vyake, 70,000. Mwisho kabisa, rangi nyekundu ya kupaka kalipa za breki, 5,000. Hizo ndizo bei alizopewa na fundi wake, na fundi mwingine huenda angezitaja nyingine.

Msomaji atazame tena orodha hiyo. Shilingi 295,000 ni za kulifanya gari likimbie na lingurume. Shilingi 5,000 zilizosalia ni za breki, na hata hizo si za kuzitengeneza bali za kuzipamba.

Sikusudii kuwadharau vijana wanaopenda magari ya mbio. Mapenzi hayo yana asili yake katika nchi hii. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka wa 1953, na waliokuwa watoto mnamo 1997, Colin McRae aliposhinda kwa Subaru Impreza, au mwaka wa 2000, Richard Burns aliposhinda kwa gari la aina iyo hiyo, leo ni watu wazima wenye mishahara. Mashindano yaliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka wa 2021 huko Naivasha, wadogo zao nao walipata kujionea. Ila wengi hukumbuka vumbi na mngurumo tu. Hawawakumbuki mafundi wanaoliinua gari kila linapofika kituoni, wakakagua breki na matairi kabla halijaruhusiwa kuendelea.

Kuhusu injini sitasema mengi. Mpwa wangu aliniambia kwamba gari lake lina nguvu za farasi 250 na kwamba fundi amemwahidi 300. Huenda akazipata. Hata hivyo, Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,700, ambako hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupungukiwa na nguvu hapa kwa kiasi cha asilimia 15 hivi. Turbo hufidia sehemu ya upungufu huo, lakini kwa kufanya kazi ya ziada. Isitoshe, injini kama hizi ziliundwa zikinuiwa petroli bora ya Japani, ambayo kwa kawaida huwa ya okteni 98 hadi 100. Ukiilazimisha injini hiyo kufanya kazi zaidi kwa petroli ya okteni ya chini, moto huwaka ndani yake kabla ya wakati wake, injini ikaanza kugonga, na pistoni zikaharibika. Klachi na giaboksi nazo, zikiona nguvu imeongezwa, hudai haki yao. Hizo ni gharama ambazo hazikuwamo katika orodha, na ambazo mdhamini mwenye busara huzihesabu.

Lililonitia hofu zaidi ni hesabu nyingine, ambayo mwanafunzi yeyote wa fizikia katika shule ya upili anaijua. Nishati ya kitu kilicho mwendoni hukua kwa kipeo cha pili cha kasi yake. Kasi ikizidi mara mbili, nishati huzidi mara nne. Tuchukue gari la kilo 1,400 linalokwenda kilomita 100 kwa saa. Breki zikilisimamisha, nishati hiyo yote haina budi kugeuka kuwa joto, nalo ni joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita moja na nusu ya maji yaliyotoka mferejini. Ni birika zima la chai, tena kwa sekunde nne hivi. Gari lilo hilo likiwa katika kilomita 140, maji hayo huwa zaidi ya lita tatu. Kasi imeongezeka kwa chini ya nusu, ilhali mzigo wa breki umekaribia kuwa maradufu.

Umbali nao ni vivyo hivyo. Tuseme dereva amechukua sekunde moja na nusu kuona hatari na kuhamisha mguu, kisha breki nzuri na tairi nzuri zikafanya kazi yake katika lami kavu. Akiwa katika kilomita 100, atasimama baada ya mita 97 hivi. Akiwa katika 140, atahitaji kama mita 166. Tofauti hiyo ya takriban mita 70 ndiyo mahali aliposimama mama anayevuka barabara ya Thika na mtoto mgongoni kwa kuwa daraja la miguu li mbali, au mwendesha bodaboda aliyeingia barabarani bila kutazama. Programu mpya ya injini haipunguzi hata mita moja ya umbali huo.

Nina sababu ya kuyasema haya kwa uchungu. Desemba iliyopita mimi na mpwa wangu tulikuwa katika gari lilo hilo tukiteremka kuelekea Mai Mahiu kwa barabara ya zamani, ile ipitayo kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Mbele yetu palikuwa na msafara wa malori, naye akawa anakaza mwendo na kushika breki, anakaza na kushika, akitafuta nafasi ya kuyapita. Karibu na chini nikasikia harufu kali kama ya mpira unaoungua. Kisha nikamwona akikanyaga mara mbili, mara tatu, mguu ukizama hadi sakafuni. Hakusema neno. Akarudisha gia hadi ya pili, injini ikalia, tukajisukuma kwenye changarawe pembeni, na hapo ndipo gari liliposimama. Tulikaa kimya kwa muda. Kisha akatamka, "Breki zimekataa, Mjomba."

Mimi ni mtu wa isimu, na kauli hiyo imenikaa kichwani tangu siku hiyo. Breki zimekataa. Katika sentensi hii kiima ni breki, na kitenzi ni cha kiumbe mwenye hiari. Punda hukataa, mtoto hukataa, mkwe hukataa. Breki nazo zimepewa utashi, zikafikiri, zikaamua kutotii. Aliye nyuma ya usukani hatajwi popote. Fungua gazeti lolote la Kiswahili, likiwamo hili, na utakuta ndugu ya sentensi hiyo: gari lilipoteza mwelekeo na kubingirika mara kadhaa. Gari, naam, ndilo lililokuwa na mwelekeo, nalo likaupoteza, kama msafiri aliyeangusha kitambulisho. Sarufi imemtoa mtendaji mlango wa nyuma kabla polisi hawajafika.

Simlaumu mwandishi wa habari. Hana budi kuwa mwangalifu kabla ya uchunguzi kukamilika. Lakini sisi tulio katika gari twajua. Turejeze mtendaji mahali pake tuone. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishaingiwa na maji kiwango hicho chaweza kushuka hadi 155. Katika mteremko mrefu kalipa hupata moto, mafuta hayo yakachemka, na mapovu ya mvuke yakafanyika ndani ya mabomba. Mafuta hayabonyei, mvuke hubonyea. Basi mguu unapokanyaga huwa unayabana mapovu, na nguvu haifiki kwenye diski. Ndiyo maana gari likishapoa kikanyagio hurudi kuwa kigumu, nawe ukadhani kwamba mambo yamekuwa shwari. Kwa kawaida yashauriwa mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Nilimwuliza mpwa wangu yake yalibadilishwa lini. Hakujua, wala mwenyewe wa awali hakumwambia. Kwa hiyo sentensi iliyo sahihi ni hii: breki zilinyimwa mafuta ya shilingi elfu chache. Kitenzi kikiwa katika kauli ya kutendwa, msikilizaji atauliza, zilinyimwa na nani?

Wapo watakaodhani kwamba ninapigia debe zile breki kubwa za fahari zenye pistoni sita, ambazo bei yake hutisha. La hasha. Hata huko kuna ulimbwende. Kama breki zilizomo zina uwezo wa kuyafunga magurudumu yasizunguke, basi kinacholisimamisha gari hatimaye ni mshiko wa tairi katika lami, na kalipa kubwa kiasi gani haitaufupisha umbali wa kusimama mara moja. Faida yake ni kustahimili joto la kusimama tena na tena, kama katika uwanja wa mashindano au katika mteremko kama ule. Anayekwenda kazini na kurudi ana mahitaji ya unyenyekevu zaidi: mafuta mapya, pedi nzuri, diski zisizolika hadi kuwa nyembamba, mabomba ya mpira yasiyopasuka, na tairi zisizo na upara. Vitu hivi havionekani gari linapoegeshwa, wala rafiki hawezi kuvisikia akiwa ng'ambo ya barabara. Nadhani hiyo ndiyo siri ya ile rangi nyekundu. Twalipia kinachoonekana.

Mabaharia wa mwambao wetu wasingefanya hesabu ya aina hiyo. Nahodha akitaka kupandisha tanga kubwa zaidi hufikiria kwanza farumi iliyo chini ya jahazi, ule uzito wa mawe au mchanga usioonwa na mtu, maana tanga pana juu ya chombo chepesi ni kupinduka kwa upepo wa kwanza. Na farumi haipakwi rangi.

Serikali imejaribu kuingilia kati kwa upande mmoja. Mwaka wa 2004, marehemu John Michuki akiwa waziri wa uchukuzi, matatu zililazimishwa kuwekewa vidhibiti mwendo visivyozidi kilomita 80 kwa saa. Gari la binafsi halina kidhibiti ila mguu wa kulia wa mwenyewe, mguu ule ule unaotakiwa kukanyaga mafuta na kukanyaga breki. Tena mwenye gari lililoongezwa nguvu bila kampuni ya bima kuarifiwa aweza kukuta siku ya msiba kwamba bima haimlipi. Deni la chama lingekuwapo bado, gari lisiwepo, nami ningekuwa mdhamini.

Kwa hiyo sikutia sahihi siku ile. Nilimrudishia fomu, nikamwomba aende akaulizie bei za vitu nilivyovitaja, akiwa na fundi yule yule amwaminiye. Aliondoka amenuna. Dadangu alinipigia simu jioni, akaniuliza kwa nini namnyima mtoto wake mkopo ilhali analipa kwa mshahara wake mwenyewe. Lilikuwa swali la haki, na jibu langu halikumridhisha. Nilimwambia kwamba nilikuwa nimeketi kando ya mwanawe pale Mai Mahiu. Kumbe hakuwa amesimuliwa habari hiyo. Simu ikawa kimya.

Juzi mpwa wangu alirudi na karatasi mpya. Pedi za mbele na za nyuma, 22,000. Diski mbili za mbele, 30,000. Mafuta ya breki pamoja na kazi ya kuyabadilisha, 5,000. Mabomba ya mpira, 8,000. Tairi nne, 72,000. Jumla ni shilingi 137,000, isiyofika nusu ya mkopo wa kwanza. Chini yake alikuwa ameacha ile programu ya injini ya 65,000, akanitazama kama mtu atarajiaye kukemewa. Sikumkemea. Ni gari lake na ni ujana wake, na gari linaloweza kusimama nina wasiwasi mdogo likikimbia. Nilitia sahihi kwa shilingi 202,000.

Habari ya ekzosi ameiandika nyuma ya karatasi kwa penseli, nami nimejifanya sikuiona.