Kijito Kile Kina Wenyewe

Ukisoma matangazo ya kuwapeleka wageni Materuni, Marangu au Machame, utadhani miteremko ya kusini ya Kilimanjaro ilishushwa kutoka mbinguni jana jioni. Mabonde ya asili, maji ya baridi, kijani kila upande, wenyeji na mila zao, wala hakuna aliyeyachezea. Wageni wa Ulaya huyaamini hayo, na siku hizi hata sisi tunaopanda basi la alfajiri kutoka Dar es Salaam tunayarudia chini ya picha zetu. Mimi nayakataa. Mabonde yale hayakupendeza kwa sababu yaliachwa. Yamependeza kwa sababu watu wameyashughulikia vizazi na vizazi, na wakiacha, uzuri wenyewe utaondoka.

Tuanze na maji. Mito ya mlima ule hupita chini kabisa ya makorongo, ilhali watu wanaishi na kulima juu, kwenye migongo iliyo kati ya korongo na korongo. Maji hayapandi mlima. Basi kile kijito kinachomsindikiza mgeni kando ya njia, kikipenya chini ya migomba mpaka atoe simu apige picha, mara nyingi ni mfongo, yaani mfereji wa kuchimbwa kwa mikono. Wachagga walipanda hadi msituni, wakaziba sehemu ya mto kwa mawe, magogo na udongo, kisha wakachimba njia inayofuata ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo mno, pengine kilomita kadhaa, hadi maji yakatokeza mgongoni. Palipokuwa na genge la kuvuka walilaza magogo yaliyotobolewa katikati. Yote hayo bila kifaa cha kupimia. Wazungu waliofika huko karne ya 19 waliikuta mifongo ikifanya kazi, wakastaajabu.

Mfongo huwa wa ukoo au wa koo kadhaa. Una mzee wake, meni mfongo, una zamu za maji, una siku za kuusafisha, na asiyetokea hutozwa. Maji ya usiku hukusanywa kwenye nduwa, bwawa dogo la udongo, ili yafunguliwe asubuhi. Kama mgeni anatafuta mila, hii ndiyo yenyewe. Tatizo lake ni kwamba haichezwi ngoma, kwa hiyo haimo kwenye ratiba.

Kihamba nacho, yaani shamba la Mchagga linalozunguka nyumba yake, mgeni hukiona msitu. Juu kuna mringaringa na mruka, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi na maharage. Ng'ombe yuko zizini, majani yake yamebebwa kichwani na akina mama kutoka tambarare, na samadi yake inarudi kwenye migomba. Asili gani hiyo? Ndizi zimetoka Asia ya Kusini-Mashariki, parachichi Amerika, mgrevilea Australia. Kahawa ililetwa na wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Mgeni huimbiwa nyimbo za kutwanga kahawa kana kwamba ni za tangu enzi, asiambiwe jinsi walowezi walivyotaka Mchagga asiilime, na jinsi wakulima walivyounda chama chao mwaka 1925, kabla ya chama kikuu cha ushirika cha KNCU kuzaliwa mwaka 1933. Kisa hicho kingenifaa zaidi ya wimbo. Hata FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 iliitambua Shimbwe Juu na vihamba vyake kuwa urithi wa kilimo. Wa kilimo, si wa pori.

Najua nitajibiwa kwamba juu ya vihamba kuna msitu, na msitu lazima ulindwe. Kweli, na msumeno hauna mtetezi hapa. Ila mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa nusu maili ukingoni mwa msitu ili wanavijiji wapate kuni na majani, na mwaka 2005 hifadhi ya taifa ilipanuliwa kuuingiza msitu ndani yake. Ukishaamini kuwa bonde huwa safi pale tu binadamu anapoondoka, mama mwenye mzigo wa majani anageuka mvamizi. Na vyanzo vya mifongo viko hukohuko juu. Huwezi kukarabati usipofika.

Upande wa pili yupo mhandisi anayehesabu maji ya bwawa la Nyumba ya Mungu, linalopokea mito hii huko chini, akisema mfereji wa udongo hupoteza maji mengi. Hakosei sana, unavuja. Lakini sehemu ya kinachovuja ndicho kinachonywesha miti ile ile inayopigwa picha. Mgeni hauoni mfongo, mhandisi anauona tundu, na wote wawili hawamwoni mwenye jembe.

Naye mwenye jembe amezeeka. Kihamba kimegawanywa kwa wana mpaka kimebaki kipande, bei ya kahawa imewachosha, vijana wameshuka mjini. Mfongo usiposafishwa hujaa tope ndani ya mvua chache.

Mtu atauliza, mgeni akiita pori, inaumiza nani? Inaumiza kwa sababu fedha hufuata hadithi. Hadithi ikiwa ni maporomoko na wimbo wa kahawa, hulipwa lango, kiongozi wa msafara na mtwanga kahawa. Mfongo haulipwi kitu. Mimi ningeanzisha matembezi kwenye chanzo cha mfongo badala ya maporomoko, siku ya kusafisha ikiwezekana, na sehemu ya kiingilio iende kwa wanaochimba. Na mgeni akikuta mfongo uliokauka, asipitishwe haraka. Aambiwe ulimwagilia vihamba vya nani, na kwa nini hakuna aliyerudi kuuzibua.