Risala ya Wanachama kwa Kamati ya Safari Kuhusu Ziara za Barbican

Mheshimiwa Mwenyekiti,
Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Safari,

Sisi wanachama tunaleta risala hii mbele yenu kwa heshima. Mara tatu mmetupeleka kituo cha sanaa cha Barbican, jijini London, nasi tunashukuru. Lakini yapo tuliyoyavumilia kimya, na leo tunayasema.

1. Tunapotea njia. Kituo kimo katikati ya mtaa wa maghorofa, uliojengwa mahali palipoteketezwa na mabomu ya Desemba 1940. Njia za miguu zimepandishwa juu ya barabara, na mgeni hazijui. Safari iliyopita tuliambiwa tukutane "mlangoni", bila kuambiwa mlango upi. Mama zetu wawili walizunguka madaraja na ngazi mpaka magoti yakawauma, kanisa la St Giles wakiliona ng'ambo ya ziwa na pa kuvukia wasipajue. Tunaomba tukutane lango la Silk Street, na kijana mmoja awapokee wazee stesheni.

2. Tunaharakishwa. Kazi ya wasanifu Chamberlin, Powell na Bon haitazamwi kwa saa moja. Zege lile halikupakwa rangi. Mafundi waliligongagonga kwa nyundo hadi kokoto zikatokeza. Mzee wetu mmoja, mwashi tangu ujana wake Tanga, alikuwa amelaza kiganja ukutani akituonyesha alama za nyundo moja moja, na vijana wamemzunguka wanasikiliza. Hapo ndipo akaitwa apande basi. Alinyamaza njia nzima. Jambo hili limetuuma kuliko yote. Tunaomba ziara iwe ya kutwa nzima, na mzee huyo apewe nafasi ya kutueleza.

3. Bustani ya vioo, iliyouzunguka mnara wa jukwaa na yenye mitende ndani yake, haifunguliwi kila siku. Mara zote tatu tuliikuta imefungwa. Tunaomba Kamati iulize ratiba kabla ya kukodi basi.

4. Tangu kituo kifunguliwe mwaka 1982, watu wanakwenda pale kutazama michezo. Sisi tunatazama kuta tu. Katika ukumbi wa tamthilia kila safu ya viti ina mlango wake, na onyesho likikaribia kuanza milango yote hujifunga kwa pamoja. Tunaomba, japo mara moja, ifungwe nasi tukiwa ndani. Tiketi tutazichangia wenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wenu