Figo: Bima hulipia mashine, nani alipie mayai?

MJADALA kuhusu huduma za kusafisha damu nchini Kenya umetawaliwa na mashine, viwango vya malipo na umbali wa vituo. Chakula cha mgonjwa hakitajwi sana, ilhali utapiamlo ni miongoni mwa dalili kuu kwamba mgonjwa yumo hatarini kufa mapema.

Chanzo kimoja ni tiba yenyewe. Katika kikao cha takriban saa nne, pamoja na taka, hutoka pia gramu 6 hadi 12 za asidi amino, malighafi ya misuli. Ndiyo maana miongozo ya kitaalamu ya Marekani ya mwaka 2020 humtaka mgonjwa ale gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kila siku. Mwenye kilo 60 anahitaji angalau gramu 60, sawa na zilizomo katika mayai kumi hivi.

Hapo ndipo penye mkanganyiko. Mgonjwa huyo huyo, kabla ya kuanza kusafishwa damu, aliambiwa apunguze nyama, samaki na maharagwe ili kuziokoa figo. Asipopewa ushauri mpya, huendelea kujinyima kwa utiifu, na utiifu huo ndio unaomdhoofisha. Akikwepa ndizi kwa hofu ya potasiamu, na maziwa na dagaa kwa hofu ya fosfeti, sahani hubaki na ugali mtupu. Ute wa yai, wenye protini nyingi na fosfeti kidogo, ungemfaa, lakini mayai hununuliwa na familia ambayo pengine imekwisha kuuza ng'ombe.

Mizani nayo hudanganya. Misuli inapopungua, maji yanayobaki mwilini huziba pengo, na uzito ukasomeka ule ule.

Bima ya NHIF, kabla ya nafasi yake kuchukuliwa na SHA Oktoba 2024, ililipia vikao viwili kwa wiki, wakati vitatu ndiyo kawaida katika nchi nyingi. Hilo nalo ni suala la lishe: taka zikirundikana, hamu ya kula hupotea. Baadhi ya vituo hukataza kula wakati wa kikao, kwa kuhofia shinikizo la damu kushuka. Hofu hiyo ina msingi kwa wagonjwa kadhaa, ila ikigeuzwa amri kwa wote, kila siku ya tiba humpotezea mgonjwa mlo mmoja.