Mtoto wa Isansa aliyebaki nje ya hesabu

  

Ndugu msomaji, katika msimu huu wa kahawa nilijaaliwa kuswali Ijumaa katika kata ya Isansa, wilayani Mbozi, mkoa wa Songwe. Baada ya swala nilipita kwa jirani wa msikiti kumjulia hali. Mtoto wa kiume alinipokea kwa adabu, akanipa shikamoo na kuniletea kigoda. Nikamuuliza yuko darasa la ngapi. Akainamisha kichwa. Bibi yake, aliyekuwa akigeuza kahawa kwenye kichanja, ndiye aliyejibu:

"Huyu bado, sheikh wangu. Mama yake yuko Tunduma anahangaika na biashara. Mwaka juzi tulisema bado mdogo. Mwaka jana hatukupata sare. Sasa naona haya kumpeleka, amekuwa mkubwa."

Mtoto yule ana miaka tisa. Niliondoka pale nikiyatafakari maneno ya bibi, kwani kati ya "bado mdogo" na "amekuwa mkubwa" imepita miaka miwili tu, na ndani ya miaka hiyo miwili mlango wa elimu umekaribia kumfungia mtoto asiye na kosa lolote. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Bibi anampenda, mama anamtafutia riziki, shule ipo, na ada haitozwi. Hata hivyo mtoto yuko nyumbani. Makala haya yanakusudia kutazama jambo hili linatokeaje, na ni nani mwenye jukumu la kulizuia.

Tulikotoka

Nchi yetu haikuanza jana kuhangaika na uandikishaji. Tulipopata uhuru mwaka 1961, wanafunzi wa shule za msingi Tanganyika nzima hawakufika laki tano. Mwaka 1973 ada ya shule za msingi ilifutwa, na Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha Azimio la Musoma, lililoagiza kila mtoto mwenye umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo mwaka 1977. Ndiyo Elimu ya Msingi kwa Wote, ambayo wengi wetu tunaikumbuka kwa herufi tatu, UPE. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamlazimisha mzazi kumwandikisha mtoto aliyetimiza miaka saba na kuhakikisha anahudhuria hadi amalize.

Mimi ni mtoto wa zama zile. Baadhi ya walimu wetu walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu huku wakifundisha. Watu waliwadharau, lakini kwa mikono yao maelfu ya watoto wa wakulima walishika kalamu kwa mara ya kwanza.

Kisha uchumi ukayumba. Katika miaka ya 1980 michango ilirudi, na katikati ya miaka ya 1990 mzazi alitakiwa kulipa shilingi 2,000 kwa mwaka, mbali na sare, madaftari na michango ya ujenzi. Leo kiasi hicho kinaonekana kidogo, lakini kwa mkulima mwenye watoto watano kilitosha kumlazimisha achague nani asome na nani abaki. Ilipofika mwaka 2000, watoto wenye umri wa shule ya msingi waliokuwa darasani walikuwa takriban sita tu kati ya kila kumi. Tulikuwa tumerudi nyuma ya pale tulipokuwa miaka 20 kabla.

Ndipo ikaja MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza mwaka 2002 pamoja na kufutwa tena kwa ada. Wanafunzi wakaongezeka kutoka milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 8 mwaka 2007, na kiwango halisi cha uandikishaji kikapanda hadi takriban asilimia 97. Majirani walipitia njia hiyohiyo: Uganda ilifuta ada mwaka 1997, Kenya mwaka 2003, na kote shule zilifurika. Hata mzee Kimani Ng'ang'a Maruge wa Eldoret, akiwa na miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza mwaka 2004.

Lakini baada ya 2007 kiwango chetu kilianza kushuka tena, ijapokuwa ada haikuwa imerudi. Hilo lilikuwa somo. Lilionyesha kwamba ada ni kizuizi kimoja tu, na nyuma yake vimejipanga vingine: michango, umbali, madarasa yaliyojaa, na mzazi aliyekata tamaa kwa kuona mtoto amesoma miaka mitatu bila kujua kusoma. Serikali ilitoa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, na tangu Januari 2016 elimu ikawa bila ada hadi kidato cha nne. Shule zikafurika kwa mara nyingine. Mwaka huohuo wa 2016 mkoa wa Songwe ulizaliwa kutoka Mbeya, ukiwa na shule za kurithi na watoto wanaoongezeka. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta na watu zaidi ya milioni 1.3.

Asilimia mia isiyotosha

Kila Januari tunasikia halmashauri zikitangaza kwamba zimeandikisha asilimia 98, au 100, au hata 105 ya lengo. Msikilizaji hufurahi akadhani hakuna mtoto aliyebaki nyumbani. Hapo panahitaji maelezo.

Asilimia hizo mara nyingi hupimwa dhidi ya maoteo, yaani makadirio ya watoto wanaotarajiwa. Maoteo yakiwa madogo kuliko watoto waliopo, halmashauri inaweza kuvuka asilimia mia na bado kukawa na watoto wasioandikishwa. Vilevile anayeandikishwa akiwa na miaka tisa huhesabiwa pamoja na wa miaka sita, hivyo waliochelewa huziba pengo la wasiofika. Ndiyo maana wataalamu hutofautisha kiwango ghafi, kinachohesabu kila aliyemo darasani, na kiwango halisi, kinachohesabu wenye umri unaostahili tu.

Zaidi ya hayo, kuandikishwa ni jambo moja na kuhudhuria ni jingine. Jina huingia daftarini Januari; Aprili mtoto yuko shambani akifukuza ndege na nyani. Na kuhudhuria ni jambo moja, kujifunza ni jingine. Tathmini za Uwezo, zilizoanza mwaka 2010, zilionyesha kwamba wengi wa watoto wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mtoto wa Isansa ambaye nyumbani amezoea Kinyiha ana mlima wa ziada wa kupanda, na akikosa mwaka wa darasa la awali anaupanda bila fimbo.

Kalenda ya mkulima na kalenda ya shule

Turudi kwa bibi na sare yake. Isansa ni nchi ya kahawa na mahindi. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Kahawa huanza kuvunwa karibu Mei au Juni, na fedha zake hufika mikononi katika miezi inayofuata kupitia vyama vya ushirika vya msingi, yaani AMCOS. Hizo ndizo siku za neema, za harusi, mabati na simu mpya. Ikifika Januari, fedha ya kahawa imekwisha, mahindi ya ghalani yanapungua, mengine mapya bado yako shambani, na mbolea ya kukuzia inadai fedha. Ndipo kengele ya shule inapolia ikitaka sare, viatu na madaftari, vitu ambavyo kwa mujibu wa miongozo ya elimu bila ada vimebaki kuwa wajibu wa mzazi pamoja na chakula cha mchana.

Kwa hiyo familia nyingi zinazoonekana maskini Januari hazikuwa maskini Agosti. Simlaumu mkulima, kwani ana madeni yake na wagonjwa wake. Lakini sare ya mtoto mmoja ni sehemu ndogo ya gunia moja la kahawa, na gunia hilo lilikuwepo. Ugumu uko katika kuitunza fedha ile miezi mitano. Uandikishaji wa darasa la awali na la kwanza huanza Oktoba, wakati ambapo kwa wengi bado kuna kitu mfukoni. Mwenye kumwandikisha mtoto na kumshonea sare Oktoba hatahangaika Januari.

Kizuizi cha pili ni Tunduma. Mpaka ule wa Zambia, pamoja na malori na masoko yake, unawalisha watu wengi, na hatuukatai. Lakini unavuta kina mama na kina baba vijana, na watoto hubaki kwa bibi ambaye hajui tarehe ya kuzaliwa ya mjukuu wala hana nguvu ya kwenda kuonana na mwalimu mkuu. Mtoto mkubwa kidogo naye huvutwa akauze karanga na maji kwenye foleni ya malori. Mzazi anayeondoka lazima aache jibu la swali moja: nani atampeleka mtoto huyu shule?

Umbali ni kizuizi cha tatu, na hapa haki itendeke kwa kutaja yaliyofanyika. Fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19 za mwaka 2021 zilijenga madarasa 15,000 nchini, 3,000 kati ya hayo yakiwa katika shule shikizi, zile zinazosogezwa karibu na watoto wadogo. Mradi wa BOOST umeongeza shule mpya za msingi. Lakini jengo haliendi nyumbani kumchukua mtoto.

Madrasa isiwe kisingizio

Sasa niseme na sisi Waislamu wenyewe. Wazee wetu waliogopa shule kwa sababu iliyoeleweka. Wamisionari wa Moravian walifika Nyanda za Juu Kusini mwaka 1891, na kwa miongo mingi shule na kanisa vilikuwa chini ya paa moja. Baba aliyemzuia mwanawe alidhani analinda imani yake. Lakini shule hizo zilitaifishwa kuanzia mwaka 1969, na leo shule ya serikali ni ya watoto wote, ina kipindi cha dini, na mwalimu wa madrasa anaruhusiwa kwenda kufundisha. Hofu ile imekwisha sababu, lakini tabia iliyoizaa bado imebaki katika baadhi ya nyumba.

Na mimi nina la kukiri. Nilipokuwa mwalimu wa madrasa kijana, niliwahi kuweka darsa asubuhi ya siku za wiki kwa sababu ndiyo saa iliyonifaa mimi. Watoto watatu au wanne walichagua chuo wakaacha shule, nami nikajisifu kwa bidii yao. Mmoja wao nilikutana naye akiwa mtu mzima. Anasoma Qur'ani vizuri sana, lakini mkataba wa kuuza shamba lake alisomewa na mtu mwingine, na alisomewa kwa udanganyifu. Sijasahau.

Wanahistoria wa sira wanatusimulia kwamba baada ya vita vya Badri, mateka waliojua kuandika na wasio na mali ya kujikomboa waliachwa huru kwa sharti la kuwafundisha watoto kumi wa Madina kusoma na kuandika. Mateka wale walikuwa washirikina, na bado Mtume (S.A.W.) hakuona kwamba herufi zao zitawapoteza watoto wa Waislamu. Aliona ujinga ni hatari kubwa zaidi. Sisi tuna udhuru gani?

Tufanye nini?

Kwanza, kila msikiti uwahesabu watoto wake. Imamu na kamati wanazijua nyumba za jamaa zao kuliko ofisi yoyote. Ifikapo Septemba, iandikwe orodha ya watoto waliotimiza miaka mitano na sita, na ya waliochelewa, kisha ipelekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji na mwalimu mkuu.

Pili, uwepo mfuko wa sare unaochangwa wakati wa kahawa, si Januari.

Tatu, madrasa zipange darsa jioni na mwisho wa wiki.

Nne, waliochelewa wasionewe haya. Aliyevuka umri kwa mbali anao mpango wa MEMKWA, uliowekwa kwa waliokosa. Na binti aliyekatiza masomo kwa ujauzito ameruhusiwa kurejea shule tangu Novemba 2021. Mzazi asimfungie mlango ambao serikali imeufungua.

Tano, serikali nayo itimize sehemu yake. Ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka iliwekwa zama za MMEM, na thamani ya shilingi 10,000 ya wakati ule kila mwenye duka anaijua. Aidha, kwa mujibu wa Sera ya Elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa miaka sita na elimu ya lazima miaka kumi. Mwaka 2027 wa darasa la sita na wa darasa la saba watamaliza pamoja. Madarasa na walimu wa kuwapokea sekondari waandaliwe sasa, ili mkulima wa Isansa asije akasema tena kwamba alisomesha akakuta mlango umejaa.

Kuhusu yule mtoto, Jumatatu yake bibi, mimi na mjumbe mmoja wa kamati ya msikiti tulikwenda shuleni. Mwalimu alimpokea vizuri, akamtazama urefu wake, akasema ataanza Januari na atawekwa dawati la nyuma asiwazibe wenzake. Mtoto alicheka. Kamati imechukua vipimo vya sare. Lakini kati ya leo na Januari iko miezi mingi, na mama bado yuko Tunduma. Ndiyo maana naandika Ijumaa hii, kahawa ikiwa bado kwenye vichanja: Ewe mzazi, ukimaliza kusoma ukurasa huu, tazama nani katika nyumba yako, na katika nyumba ya jirani yako, bado hajahesabiwa.

Tunamwomba Allah (S.W.) atupe watoto wenye elimu yenye manufaa, na atujaalie tusiwe sisi sababu ya wao kuikosa. Wabillahi tawfiq.