Siku saba kati ya Wanyonyi na Golola

Kubali tu. Ile klipu ya Karim Mandonga akiitangaza ngumi yake ya "Sugunyo" uliitazama, ukacheka, ukamtumia rafiki yako. Mimi pia. Hapa Malindi kuna watu maskani hawawezi kukutajia bingwa mmoja wa ndondi wa Kenya, lakini Mandonga, Mtu Kazi, wanamwiga hadi sauti.

Biashara iko hapo hapo. Januari 14, 2023 Mandonga alivuka mpaka akamshinda Daniel Wanyonyi pale KICC, Nairobi. Watu wakazungumza wiki nzima. Julai 22 wakarudiana Sarit Centre na Wanyonyi akalipiza. Sasa sikiliza: Julai 29 Mandonga alikuwa ulingoni tena, Mwanza, akizipiga na Moses Golola wa Uganda.

Kama humjui Golola, jina lake alilitengeneza kwenye kikiboksi, yaani ngumi na mateke, na zaidi akalitengeneza kwa mdomo. Kampala alikuwa akiahidi vituko kabla ya kila pambano hadi watu wanakwenda kumsikiliza tu. Kwa hivyo Mwanza waliuziwa midomo miwili iliyovaa glavu. Golola akashinda. Baadaye kamisheni ya ngumi za kulipwa ya Tanzania ikamsimamisha Mandonga ili apimwe afya.

Baadaye. Hilo neno ndilo linanikera. Mimi chuo niliacha, ila kutoka 22 hadi 29 hakuhitaji digrii. Kichwa kilichotikiswa wiki iliyopita kikitikiswa tena kabla hakijapona, hatari yake si ile ile mara mbili, ni kubwa kuliko hapo. Waandaaji wanajua, madaktari wanajua. Sisi ndio tulikuwa tunacheka.

Mpiga mateke akihamia ndondi huwa tunabishana mchezo upi mkali. Mabishano matamu, lakini yanaficha kitu. Mtu wa kikiboksi amezoea kusimama wima, uzito ameugawa miguu yote miwili, manake akiinama kukwepa ngumi atakutana na goti au teke la kichwa. Kwenye ndondi usipoinama na kuchezesha kichwa utazila zote. Halafu yeye amezoea raundi 3 za dakika 3, huku ndondi za ubingwa zinafika 12. Mazoea kama hayo hayatoki kwa mazoezi ya mwezi mmoja.

Muulize Tenshin Nasukawa wa Japani. Desemba 31, 2018, akiwa na miaka 20 na hajawahi kushindwa kwenye kikiboksi, aliwekwa mbele ya Floyd Mayweather, tena mtu mzito kuliko yeye. Aliangushwa mara tatu katika raundi ya kwanza, kona yake ikasimamisha, kijana akalia mbele ya ulimwengu. Mayweather akajigamba kwamba amelipwa dola milioni 9. Lakini angalia alichofanya Nasukawa: alirudi kujifunza. Aprili 2023 akaanza ndondi rasmi kwa pambano la raundi 6 tu, kama mwanafunzi yeyote. Vitali Klitschko naye alitoka kwenye kikiboksi, akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Njia ipo, ila ni ndefu na haina klipu nyingi.

Sasa nisemalo linahusu huku kwetu. Kuanzia Malindi hadi Kilifi kuna vijana wanajifunza mateke, wengine asubuhi mchangani kabla ya kwenda kazi ya boda. Wakishapata wafuasi TikTok, simu italia: njoo Mombasa, mpinzani ana jina, nauli juu yetu, pambano ni wiki ijayo. Kijana asiye na kazi atakataa vipi? Wallahi mimi nisingekataa. Anayeitwa si aliye tayari, ni anayejulikana, na yule aliyefanya mazoezi ya ndondi miaka mitano kimya kimya anaachwa kwa sababu hana mdomo.

Sisemi vituko vipigwe marufuku. Watu wanataka kucheka, na mpiganaji anayejua kujiuza anastahili pesa yake. Ninachotaka ni kidogo. Kila bango la pambano liandike uzito wa wapiganaji wote wawili, mapambano yao ya ndondi ni mangapi, na siku waliyopigana mara ya mwisho. Kamisheni ya Kenya, KPBC, inaweza kulifanya hilo sharti la kibali, na kama iko chini ya mwezi mmoja, cheti cha daktari kionekane kabla tiketi hazijauzwa. Wewe ukiona bango halina hizo namba, uliza hapo hapo chini ya posti yao, kabla hujatuma M-Pesa.

Na wasituambie nafasi haitoshi. Picha ya promota ndiyo huwa kubwa kuliko zote. Ipunguzwe.