Mathe Pia Ana Historia

Ukiuliza vijana wa Ruiru au Thika familia yao ilitoka wapi, wengi watakupa stori ya guka. Guka alifungwa Manyani. Guka ndiye alinunua hii ploti. Sasa muulize huyo huyo: mamake mathe wako alizaliwa wapi, na ile nyumba yao ilipochomwa walilala wapi? Kimya. Ama "ngoja nitauliza."

Msimamo wangu ni huu, na mnaweza kunibishia kwa komenti: historia nzito ya familia zetu huku Kiambu na Murang'a iko upande wa mathe, na tunaiacha ife na watu ambao bado wako hai na wanatutumia maombi WhatsApp kila asubuhi.

Thika tayari ina familia moja iliyoandikwa vizuri. Elspeth Huxley aliletwa huku akiwa mtoto kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wazazi wake wakiwa walowezi wa kahawa. Mwaka wa 1959 akatoa The Flame Trees of Thika, na 1981 kikawa kipindi cha runinga. Sina ubaya naye. Aliandika kuhusu wazazi wake, sawa kabisa. Lakini angalia tena mwaka. 1959 Hali ya Hatari ilikuwa bado haijaondolewa. Watu walikuwa wakisoma utoto wa Huxley, na shosh wangu alikuwa msichana pale Gatanga, na hakuna aliyeandika hata tarehe yake ya kuzaliwa.

Hadi leo haijulikani. Anasema alizaliwa baada ya njaa ya mihogo, ile ya 1943, kwa hivyo tunahesabu 1945 hivi. Kwenye kitambulisho karani alikadiria. Wanaume walivalishwa kipande shingoni tangu enzi za mkoloni, lakini sheria ilibadilishwa 1978 ndipo wanawake nao wakaandikishwa. Kwa makaratasi, shosh alianza kuishi akiwa na watoto tayari.

Halafu kuna neno gichagi. Sisi tukisema gichagi tunamaanisha ushago, Krismasi na kuku. Shosh akisema gichagi anamaanisha kijiji ambacho serikali ya mkoloni iliwasukuma ndani kuanzia 1954. Kabla ya hapo Wakikuyu hawakuishi vijijini hivyo, kila familia ilikuwa na boma lake huko kwa mteremko wake. Zaidi ya watu milioni moja walihamishwa, vijiji zaidi ya 800, na maboma yakachomwa nyuma yao. Kafyu, homugadi, handaki lenye vijiti vilivyochongwa. Wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni, kwa hivyo walioezeka hizo nyumba na kuchimba hayo mahandaki kwa lazima walikuwa hasa wanawake. Mamake shosh alichimba kutwa, halafu anapewa kamuda kidogo akatafute chakula shambani. Shosh, msichana wa miaka tisa hivi, aliachiwa wadogo zake wawili.

Mmoja, kavulana, hakutoka gichagi akiwa hai. Mathe alijua hilo mwaka jana, shosh akichambua maharagwe. Mtu mzima wa zaidi ya miaka 50 ndio anasikia alikuwa na mjomba.

Watu wakiwa bado wamefungiwa vijijini, mashamba yakapimwa, yakaunganishwa na kuandikishwa, mara nyingi kwa jina la mwanaume. Ndiyo maana historia ya ardhi tunaijua kwa majina ya waguka. Kahawa pia. Bei ilipopanda miaka ya sabini baada ya baridi kali kuua mikahawa Brazil 1975, shosh na mabinti ndio walichuma, lakini namba ya mwanachama kwenye chama cha ushirika ilikuwa ya guka. Na hii ni jamii ambayo koo zake zinaitwa kwa majina ya mabinti wa Mumbi! Jamani.

Kuna wenye wataniambia niachane na mambo ya kale. Ninaelewa kiasi. Kwa kijiji kimoja kulikuwa na familia ya homugadi na familia ya mtu wa msituni, na watoto wao baadaye wakaoana. Huenda wewe umetoka kwa zote mbili. Kunyamaza ndiko kulikowawezesha kuishi jirani. Kwa hivyo rekodi, lakini usipost. Machozi ya shosh si kontenti, na hii nawaambia wenzangu wa kamera.

Lakini maneno ya wazee yana uzito. Mwaka wa 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama, kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati huo. Kesi ilifika hapo kwa sababu wazee wachache walikubali kusema waliyofanyiwa, na mmoja wao alikuwa mwanamke, Jane Muthoni Mara.

Usiende kwa shosh na "nieleze historia." Atakwambia hakuna. Muulize walikula nini, nani alimsuka, jirani wa mlango uliofuata gichagi alikuwa nani. Muulize mikono yake ikiwa na kazi. Kama Kikuyu chako ni cha kuokoteza kama changu, nenda na mathe atafsiri, maana naye anasikia mara ya kwanza.

Mimi naenda Gatanga Jumamosi. Mathe alishtuka sana siku ile, hakuuliza yule mtoto aliitwa nani. Kwetu jina halitoki hewani: msichana wa pili huitwa mamake mama, ndiyo maana mimi nina jina la shosh. Huyo kavulana naye alikuwa amebeba jina la mtu.